Simu Yangu Haiiti, Ukweni Wanasema Nina Dharau

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Mbeya mjini. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu jirani na soko la Mwanjelwa. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na safari nyingine anavuka hadi Zambia. Nyumba naiendesha mimi, yeye yuko barabarani.

Wanawake wengi wanakuandikia kuhusu simu za waume zao. Mimi nakuandikia kuhusu yangu.

Simu yangu haiiti. Niliizima mlio tangu nilipoanza kushona kwa kujitegemea, hata mtetemo nimeutoa. Ninapokata kitambaa cha mtu, hasa kitenge cha sare ya harusi ambacho ukikiharibu hupati tena kingine cha rangi ile, sitaki kitu cha kunishtua mkasi ukiwa mkononi. Nikimaliza kazi niliyoishika ndipo naichukua simu, naangalia waliopiga, nasoma meseji, najibu. Wateja wangu nimeshawazoesha. Wananitumia picha ya mshono WhatsApp, vipimo vyao vipo kwenye daftari, advansi inaingia, kazi inaanza. Hatuna haja ya kupigiana.

Napenda kuandika, shangazi. Nikiandika napata nafasi ya kufikiri kwanza, na kesho hakuna mtu wa kunigeuzia maneno maana yapo palepale. Kuongea na simu kunanichosha. Mtu anapiga, anauliza habari za watoto, za kazi, za mvua, zinapita dakika kumi ndipo unajua alichokuwa anakitaka. Na namba nisiyoijua sipokei kabisa, matapeli wamezidi.

Mama mkwe wangu yuko Rungwe, kijiji cha juu ya Kiwira. Ana simu ya batani, kiswaswadu, na macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Yeye hupiga alfajiri kabla hajaenda shambani, saa kumi na mbili kasoro. Mimi nakuwa bado nimelala, na simu iko kimya. Nikiamka nikakuta amepiga namwandikia, "Shikamoo mama, sisi wazima, nilikuwa nimelala." Kuna mjukuu anayemsomea. Sasa wifi yangu amenipa taarifa kwamba mama anasema mke wa mwanawe anamjibu kwa karatasi. Na wifi mwenyewe ana lake: "Mbona tunakuona hewani, unaweka stetasi za magauni kutwa, ila simu hupokei?"

Mwezi wa sita alifariki baba mdogo wa mume wangu. Taarifa iliwekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kundi hilo nililinyamazisha zamani, kwa sababu kuanzia asubuhi ni picha za maua na "amkeni salama". Niliiona jioni wakati nafunga kibanda, watu wameshakaa msibani tangu mchana. Nilifika usiku, kwenye ile baridi, na nilivyopokelewa sitasahau. Mpaka leo nasemwa.

Halafu mume wangu. Yeye anapenda kupiga akiwa anaendesha, hasa usiku. Anasema sauti yangu inamwondolea usingizi. Mimi naogopa. Nasikia injini, nasikia anapangua gia, na mimi nimelala kitandani tunajadili ada ya shule na mtu aliye kwenye mteremko. Kuna usiku nilimuuliza uko wapi, akasema naushuka mlima Kitonga. Tangu hapo nikijua yuko njiani sipokei. Namwandikia, "Ukisimama nipigie." Anakasirika. Na sasa ameanza kuniuliza kwa nini saa tano ya usiku simu yangu haipokelewi, niko na nani. Amesema akirudi safari hii tunakwenda Rungwe tukae na mama na wazee, niulizwe mbele yao kama bado ndoa naitaka.

Simu yangu haina hata namba ya siri. Anaweza kuichukua akaisoma mwanzo mpaka mwisho.

Niambie ukweli, shangazi. Kupenda ukimya ni dharau? Nibadilike niwe kama wanavyotaka?

Fundi, Mwanjelwa, Mbeya

* * *

Marahaba mwanangu. Salamu kutoka Iringa.

Mume wako umemweka mwisho katika barua yako, lakini mimi naanza naye, kwa sababu kwake kuna uhai wa mtu.

Usipokee simu ya mtu anayeendesha lori. Katika hilo uko sahihi kabisa, na usikubali mtu yeyote akuombeshe radhi, awe mume, awe wifi, awe mzee wa ukoo. Sisi wa Iringa tunaujua Kitonga. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, kona zinafuatana, na usiku malori yamepangana yakipanda na kushuka. Ninyi wa Mbeya nanyi mna mteremko wenu wa Iwambi kwenda Mbalizi, na mmezika watu kwa ajili yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Akiinamia simu sekunde tatu kulitafuta jina lako, ameshapita mita 50 bila kuiona barabara, na nyuma yake ana tani za mzigo zinazomsukuma. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia, na kwamba kuweka spika au vifaa vya masikioni hakumwokoi sana. Mikono miwili inaweza kuwa kwenye usukani huku akili yote iko kwenye ada ya shule.

Anasema sauti yako inamwondolea usingizi. Namwamini kwamba ndivyo anavyohisi. Lakini mtu aliyechoka anaweza kukuitikia "ndiyo, ndiyo" huku kope zimeshuka sekunde mbili tatu na mwenyewe hajui kama alisinzia. Usingizi wa dereva hauondolewi na maongezi, unaondolewa na kupaki gari mahali salama na kulala. Ukikubali kazi ya kumkesha, utaifanya kwa upendo, na siku itakapotokea usiyoyataka utakuwa umeyasikia kwa masikio yako ukiwa kitandani. Usiikubali.

Hata hivyo nataka umsikilize vizuri mwanaume huyu. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Anaipita yeye na utingo wake, analala ndani ya kichwa cha gari, anakula kwa mama ntilie, na nyumbani kwake anakujua kwa njia moja tu, hiyo simu. Anapopiga saa tano ya usiku anatafuta mke. Anapokosa jibu, giza lile na upweke ule vinamjazia majibu ya kwake mwenyewe. Meseji yako ya "ukisimama nipigie" ina maana nzuri sana, lakini kwa mtu aliyeisoma huku anaendesha (na hilo nalo ni balaa lile lile) inasomeka kama mlango umefungwa. Hukumwambia sababu. Soma tena barua yako uone: mimi umenieleza kwamba unaogopa, yeye umemwambia asimame.

Mweleze kwa sauti, akiwa amepaki, au mkiwa wawili nyumbani. Mwambie usiku ule wa Kitonga hukulala. Mwambie unawaza watoto. Kisha mwekeane utaratibu. Lori lake linasimama kwenye mizani, apende asipende: Vigwaza, Wenda, Makambako, Mpemba. Linasimama mjini Iringa au Mafinga wakinywa chai. Linasimama kwenye foleni ya Tunduma. Hizo ndizo saa zenu. Mkubaliane kwamba simu yake ikiita usiku maana yake gari limesimama, na wewe kwa upande wako utapokea, hata ukiwa usingizini. Ukipokea swali la kwanza ni "umesimama?" Akisema bado, unakata palepale, na mmeshakubaliana kwamba kukata huko si hasira. Kukiwa na jambo la haraka akiwa katikati ya safari, utingo yupo, ana mikono na ana mdomo. Apige yeye.

Utapokeaje simu iliyozimwa mlio? Hapa ufundi wa simu unakusaidia. Simu nyingi za kugusa zina sehemu ya kuifanya simu inyamaze kwa watu wote isipokuwa uliowachagua. Kwenye Android iliyo katika Kiswahili utaikuta kwa jina la "Usinisumbue", ingawa kampuni na kampuni zinatofautiana kidogo. Unawawekea alama ya nyota watu wako, kisha unairuhusu simu iite kwa hao peke yao. Mwekee nyota mume, mwekee mama mkwe, mwekee mwalimu wa watoto na jirani mmoja wa karibu. Basi. Dunia nzima iliyobaki itakaa kimya na mkasi wako utakata kwa amani. Iko pia ruhusa ya anayerudia kupiga: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Iwashe hiyo. Mwenye shida ya kweli hupiga tena. Ukipenda, mpe kila mmoja mlio wake, ili hata ukiwa umeshika kitambaa ujue ni nani kabla hujageuza shingo.

Sasa swali lako lenyewe. Kupenda ukimya si dharau. Kuna watu wanaopumzika wakiongea na kuna watu wanaopumzika wakinyamaza, na kazi ya mikono inataka utulivu. Umejipangia matumizi ya simu kwa akili kuliko watu wengi wanaonyanyuka kila inapolia. Ila kuna sentensi moja kwenye barua yako niliyoirudia: "Wateja wangu nimeshawazoesha." Umewazoesha wateja. Wanajua saa zako, wanajua njia yako, hawanung'uniki. Mama mkwe je? Umemwambia lini kwamba unaposhona simu inakuwa kimya, na kwamba alfajiri ile uko usingizini baada ya kushona hadi usiku? Wifi umemwambia kwamba stetasi za magauni ndizo tangazo lako la biashara, kwamba unaziweka dakika moja kisha unarudi kwenye cherehani? Watu wa nyumbani kwa mume wako wamekutana na utaratibu wako kama mtu anayejigonga kwenye nguzo gizani. Hawakuoneshwa.

Na mama mkwe si suala la kuzoeshwa tu. Nataka tukae kidogo hapa.

Mama huyu amekua wakati habari ya kutoka Kiwira kwenda mjini ilibebwa na mtu ndani ya basi, na jibu likarudi siku basi litakaporudi. Kampuni za simu za mkononi zilianza kuenea nchini miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na huko milimani mtandao ulichelewa zaidi. Kuna watu walipanda kilima ili wapate mnara. Kilichomfikia yeye kupitia simu ni sauti. Sauti ya mwanawe, sauti ya wajukuu. Akipiga alfajiri akasema "mugonile", anataka asikie mnaitikia mmeamka salama. Unaona dakika kumi za watoto, kazi na mvua kama kizuizi kabla ya jambo lenyewe. Kwake hizo ndizo jambo lenyewe, na akikata simu bila kuomba chochote ameshapata alichokitaka. Kwenye sauti yako anasikia kama una mafua, kama umegombana na mwanawe, kama mnakula vizuri. Meseji haimwambii hayo.

Fikiria pia anaisomaje. Anamwita mjukuu. Mjukuu anasoma kwa sauti mbele ya waliopo. Hawezi kukuuliza kwa siri kuhusu mguu unaomuuma, hawezi kukuambia kwamba kijana aliyetumwa mbolea hakurudisha chenji, hawezi kukuambia neno la mwanamke kwa mwanamke, kwa sababu kila kinachoingia na kutoka kinapita kwa mtoto wa darasa la tano. Umempa mtu mzima mkalimani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hukukusudia, najua. Lakini ndicho anacholalamikia anaposema unamjibu kwa karatasi.

Na kuna hatari nyingine ambayo wewe unaijua vizuri. Hupokei namba usiyoijua kwa sababu ya matapeli. Laini zetu zote tulizisajili kwa alama za vidole, ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, na bado zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia kila leo. Siku mama akipata meseji inayosema ni mwanawe, amepata ajali, gari limeshikiliwa, zitumwe fedha haraka, ataithibitisha vipi? Kusoma hawezi, mwanawe yuko barabarani. Kinga yake ni kukupigia wewe na kuisikia sauti anayoijua ikimwambia, "Mama, usitume, nimeongea naye sasa hivi." Kama simu yako huwa haipokelewi, hatakupigia siku hiyo. Atauza kuku, atakopa kwa jirani, atatuma. Mwambie kabisa kwamba meseji ya kuomba fedha isishughulikiwe mpaka mmeongea kwa mdomo. Namba za matapeli hao mjukuu anaweza kuzituma 15040 ili mamlaka zizishughulikie, na mkiwa naye bonyezeni *106# muone kama hakuna laini ya mtu mwingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kwa hiyo mama apigiwe. Na upige wewe. Hii itakuponya na usumbufu wa alfajiri pia, maana anayepiga ndiye anayechagua saa. Chagua saa unayoiweza, labda Jumatano jioni ukishafunga kibanda, na Jumapili baada ya ibada. Mkalishe chini mtoto mmoja asalimie. Uliza ndizi zinaendeleaje, uliza mvua, Rungwe mvua haikosi cha kusemwa. Baada ya wiki chache ataacha mwenyewe kukupigia saa kumi na mbili kasoro, kwa sababu anajua Jumatano inakuja. Akipiga alfajiri nje ya utaratibu, amka upokee. Hapo kuna jambo.

Kuhusu msiba, sikuungi mkono wewe moja kwa moja na wala siuungi mkono ukoo. Kundi ulilinyamazisha kwa sababu zinazoeleweka na mtu yeyote aliye kwenye makundi ya namna hiyo. Lakini kundi la ukoo ni la ukoo. Ungeweza kulipitia mchana unapokula, macho tu, dakika moja. Na ukoo nao haukutenda haki. Kifo hakitangazwi kwa kuandikwa katikati ya picha za maua, kisha aliyechelewa kuona akahukumiwa. Hakuna aliyekupigia? Na hata kama wangepiga, wangeikuta simu kimya, jambo ambalo nyota nilizokueleza zitalitengeneza. Omba kwenye kikao hicho cha Rungwe, mtakapokaa na wazee, mambo mawili. Kwanza, ateuliwe mtu, wifi yako anafaa, apigie kila nyumba panapotokea msiba au ugonjwa mkubwa. Pili, lifunguliwe kundi la matangazo ambalo viongozi wake peke yao ndio wanaoweza kutuma, liwe la misiba, harusi na vikao. Hilo usilinyamazishe kamwe. La maua na amkeni salama liendelee kwa wanaolipenda.

Sasa kikao chenyewe. Nimeumia kusoma kwamba utaulizwa mbele ya wazee kama unaitaka ndoa. Mwanamke aliyekataa kupokea simu ili mumewe asife njiani hastahili swali hilo. Lakini usikiogope kikao, na usiende kulia tu.

Wazee wa Kinyakyusa utakaokaa nao wametoka kwenye mila iliyopanga kwa uangalifu mkubwa nani anaongea na nani. Zamani mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe wake usoni wala kuzungumza naye ana kwa ana. Wakikaribia kukutana njiani, alikwepa. Hakuna aliyesema anamdharau. Kila mtu aliujua utaratibu, kwa hiyo ukimya ule ulisomwa kama heshima. Wazee hao wataelewa mtu anayekuja na utaratibu. Hawatamwelewa anayekuja kusema "mimi ndivyo nilivyo". Waeleze kazi yako ilivyo, kwa nini simu huwa kimya kuanzia saa fulani hadi saa fulani, ni nani watakaokupata wakati wowote, na siku unazompigia mama. Ongea taratibu, kwa adabu, bila kutaja nani alisema nini.

Kisha waambie habari ya Kitonga. Iseme ilivyokuwa, injini, gia, usiku, na yeye anaongea. Mume wako anadhani anakupeleka kwa mama yake ukashitakiwe. Sidhani kama kuna mama wa Kiwira atakayesikia kwamba mwanawe anaushuka mlima ule simu ikiwa mkononi akanyamaza. Muombe mama mwenyewe amkataze. Amri hiyo ikitoka kwake itamfuata barabarani kuliko meseji zako zote.

Umetaja kwamba simu yako haina namba ya siri, umeitaja kama ushahidi wa kwamba huna kosa. Weka namba ya siri leo. Kibanda kiko sokoni, simu inakaa juu ya meza ya kukatia, wateja wanaingia na kutoka. Humo mna picha za wanawake wa watu wakijaribu magauni, mna meseji za fedha, mna picha za watoto wako. Mwizi akiichukua anakuta kila kitu kiko wazi. Mume ukitaka mpe namba hiyo, ni hiari yako, na mwambie kabla hujaiweka ili asije akaikuta akaanza upya maswali. Ila uaminifu wenu usiutundike kwenye simu isiyofungwa. Anayekutilia shaka akisoma meseji zote akakosa kitu, atasema umefuta. Shaka yake itatulizwa na kukupata anapokuhitaji.

Vilevile usifiche muda uliokuwa hewani wala zile tiki za bluu ili wifi asikuone. Wengine wangekushauri hivyo. Kujificha kwa mtu anayekushuku kunamthibitishia anachowaza, na ukizima hizo tiki wewe nawe hutaona za wenzako. Mwambie wifi wazi, "Ukiniona hewani natangaza kazi, niandikie na neno 'muhimu', nitakupigia." Ukishindwa kumpigia mara hiyo, mtumie ujumbe wa sauti. Kwa watu kama wewe wanaochoshwa na maongezi, ujumbe wa sauti ni njia ya katikati: unausema ukiwa tayari, naye anapata sauti yako. Kwa mama mkwe hautafaa, kiswaswadu hakiupokei.

Wateja waache walivyo, hapo hujakosea. Jambo moja tu: mteja mpya naye ni namba usiyoijua. Namba ngeni ikipiga, ukimaliza kazi iandikie, "Habari, ni fundi, naongea na nani?" Tapeli mara nyingi hujionesha mwenyewe kwa anachojibu, na mteja atakutumia picha ya mshono.

Usisubiri mume arudi kutoka Tunduma. Leo ukifunga kibanda, kabla hujapanda daladala, mpigie mama mkwe. Mpe pole ya msiba wa shemeji yake kwa mdomo wako mwenyewe, kwani tangu mwezi wa sita sijaona katika barua yako mahali ulipofanya hivyo mkiwa wawili tu. Mwache aseme yote aliyo nayo, hata yanayokuuma. Akimaliza, mwambie utampigia Jumatano.